Sponji Masikioni

Ukitaka kujua kama kochi lako lilipita mikononi mwa Mama Sponji, lipindue. Chini kabisa, kwenye kile kitambaa cheusi ambacho mgeni hakitazami hata siku moja, utakuta kaandika kwa chaki jina la filamu aliyokuwa akiingojea siku alipolifunga. Kochi la mapokezi kwa daktari wa meno limeandikwa "Komeo Arudi". Komeo mwenyewe, yule shujaa ambaye akishafunga mlango hakuna jeshi la kuufungua, hakurudi. Tarehe ilisogezwa, ikasogezwa tena, na wagonjwa wanaendelea kuikalia ahadi hiyo mpaka leo bila kujua.

Wapo wanaoshangaa. Mwanamke mzima, bintiye keshaolewa, mikono imekomaa kwa kuvuta mikanda na springi, halafu anakosa usingizi kwa ajili ya watu wanaoruka angani na joho mgongoni! Waache washangae. Hao hao timu yao ikifungwa hawali, hawaogi wala hawajibu salamu. Mama Sponji angalau hula. Tena hula vizuri, na mwili wake ni shahidi.

Kilichokuwa kimemkaa rohoni wakati huo ni "Malkia wa Chumvi", sehemu ya tatu na ya mwisho. Ni hadithi ya binti aliyerithi ufalme ambao kuta zake zote zimejengwa kwa chumvi. Kwa hiyo adui mkubwa wa nchi ile si jeshi bali mvua, na mvua yenyewe huletwa na joka. Filamu hizo zilitiwa sauti za Kiswahili, na zilitiwa vizuri mno, hata Mama Sponji aliamini kabisa kwamba Malkia huyo alizaliwa akisema "jamani".

Hofu zake zilikuwa nyingi, na alimmwagia yeyote aliyeleta kiti kutengenezwa. Kwanza, mwigizaji wa Waziri Kigeugeu alikuwa ameondoka, wamemweka mwingine mwenye uso wa upole. Waziri msaliti mwenye uso wa upole, nani atamwogopa? Halafu lile joka. Kwenye kionjo, kile kipande kifupi kinachotolewa mapema kuwatia watu hamu, lilimeremeta kama sufuria jipya. Alikuwa amekitazama kionjo hicho mpaka simu ikapata moto, akikisimamisha kila hatua, akipima mabawa ya joka kwenye kioo cha simu kwa tepu yake ya vitambaa.

"Joka la uzito ule haliwezi kuruka kwa mabawa yale," mumewe, mwalimu wa hesabu, alimwambia mezani. "Hesabu inakataa."

"Na wewe kwa tumbo hilo na ngazi zile za shule unafika darasani kila siku. Hesabu inakataa vilevile."

Mumewe alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa mtu mwema, ila filamu hakuzipenda hata kidogo. Taa za ukumbi zikizimwa tu, naye huzimika.

Juu ya hofu zote hizo ilikuwapo moja kubwa: Malkia atapona au hatapona? Na jibu lake Mama Sponji hakutaka kuambiwa na kiumbe yeyote. Alitaka kulipata mwenyewe, amekaa ukumbini, roho juu, hajui lolote. Kwa jambo hilo alikuwa mkali kupita kiasi, na ukali huo ulikuwa na sababu, nayo ni mdogo wake.

Dada hawa wawili walikuwa chanda na pete. Mdogo ni mtangazaji wa kituo cha mabasi. Ndiye yule mwenye sauti inayotoka kwenye vipaza sauti, akisema basi gani linaingia na mlango upi, wakati basi lenyewe halijaonekana hata vumbi lake. Kwa maneno mengine, analipwa kusema jambo kabla halijafika, na pengine kazi imemwingia mwilini. Sehemu ya kwanza ya "Malkia wa Chumvi" waliiona wote, wao wawili na mama yao katikati. Sehemu ya pili ilipotoka, mama yao alikuwa amefariki, udongo wa kaburi haujakauka. Mdogo aliiona siku ya kwanza. Dada yake alikuwa na kazi ya watu ya kumaliza, akapanga kwenda kesho yake. Jioni simu ikalia.

"Dada, nakwambia mapema. Mama yake Malkia anakufa. Anafia mikononi mwa bintiye."

Mama Sponji akalipuka.

"Umeniharibia! Filamu nzima umeniharibia!"

"Dada, nisikilize kwanza, mimi nilitaka tu..."

"Ulitaka tu kuonekana umejua wa kwanza. Mtangazaji we!"

Akakata simu. Kesho yake alikwenda peke yake, na mama wa Malkia alipoanguka, Mama Sponji alikuwa ameketi kanuna, hakutoa hata chozi. Tangu siku hiyo wakawa watu wa salamu za mbali. Binti wa Mama Sponji alipoolewa walikaa meza tofauti, kila mmoja akijifanya anavutiwa sana na maua. "Kwa filamu!" mumewe husema. "Watoto wa tumbo moja, mnanuniana kwa filamu!" Lakini vichwa vigumu walivirithi wote wawili, tena kwa mafungu sawa.

Ukweli ni kwamba alikuwa na hamu na mdogo wake mpaka inauma. Kionjo kipya kikitoka, kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye jina lake kwenye simu, kikasimama, kikarudi. Alikuwa anaisubiri filamu ya mwisho ya hadithi anayoipenda kuliko zote, na hakuwa na mtu wa kumfinya mkono.

Basi siku moja akaingia karakanani meneja wa ukumbi wa sinema, mwanamume mwembamba anayetembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

"Shikamoo mama. Nasikia wewe ndiye Mama Sponji."

"Marahaba. Ndiye. Umeleta kiti gani?"

"Sijaleta kiti. Nimeacha ukumbi mzima."

Viti vya ukumbi ule vilikuwa aibu tupu. Springi zilikuwa zimetokeza juu, na watu waliingia na suruali nzima wakatoka na dirisha. Meneja alitaka vyote vifungwe upya, sponji mpya, kitambaa kipya, na viwe tayari kabla ya ufunguzi.

"Ufunguzi wa nini?"

"Malkia wa Chumvi. Ile ya mwisho."

Mama Sponji alikuwa na pini midomoni, kama mafundi wote wa kazi hiyo wanavyofanya ili mikono ibaki huru, na nusura ameze moja. Meneja hakuona. Aliendelea kusema kwamba, mbali na malipo, atampa viti viwili siku ya kwanza, achague mwenyewe anapotaka kukaa. Mama Sponji alichagua palepale, hata kabla hajauona ukumbi: safu ya katikati, viwili vya katikati.

"Mimi nitoe," mumewe alisema jioni. "Nitakoroma, utaaibika. Sasa kiti cha pili ni cha nani?"

"Cha pochi langu."

"Pochi halina macho."

"Afadhali. Wala halina mdomo."

Mumewe akamtazama kwa jicho la kimwalimu, lile la kumwambia mwanafunzi kwamba jibu analijua ila hataki kuliandika. Mama Sponji akaondoa vyombo mezani.

Kazi ilikwenda vizuri. Alikuwa akifungua viti safu kwa safu, anachana kitambaa cha zamani, anang'oa sponji iliyosagika ikawa unga, anakaza springi, anatandika mpya, anavuta kitambaa na kukipiga pini mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Chini ya viti alikuta vitana, hereni zisizo na wenzake, maganda ya karanga ya enzi na enzi, na jino moja la bandia ambalo mwenyewe hakuwahi kulirudia. Vile viwili vya katikati alivipa sponji nene kuliko vyote. Cha pochi alikifunga kwa uangalifu uleule kama chake, na hakujiuliza kwa nini.

Mashaka yalianza siku za mwisho. Ukumbi uliwekewa spika mpya, na filamu yenyewe ikafika mapema ndani ya kisanduku kidogo, ikafungiwa chumba cha juu. Ilibidi ijaribiwe picha na sauti, na mwenye kazi hiyo alikuwa mzee wa mitambo, mtu mpole ambaye ameonyesha filamu umri wake wote na hakumbuki hata moja.

"Bahati yako, mama," alimwambia. "Leo utaiona kabla ya wakubwa."

"Mzee wangu, sitaki!"

"Hutaki? Si umesema unaipenda?"

"Ndiyo sababu sitaki!"

Mzee hakuelewa, lakini umri ulikuwa umemfundisha kutobishana na mtu mwenye nyundo mkononi. Wakapatana. Kabla ya kuwasha mitambo atapiga mluzi. Mama Sponji akisikia mluzi huo anakata vipande viwili vya sponji, anavisokomeza masikioni, anafunga kilemba juu yake, anaipa skrini mgongo, na kuanza kuimba kwa sauti nyimbo za kubembelezea watoto, ili hata kilichopenya sponji kisipenye wimbo. Wafagiaji walikuwa wakisimama mlangoni kumtazama. Filamu anayoililia inaonyeshwa nyuma yake, kubwa kama nyumba, sauti zinatikisa sakafu, na yeye anakazana kukiambia kiti kilale, mama ameenda sokoni. Walimwona mwehu, naye aliwaona hawana imani.

Siku mambo yalipoharibika, alikuwa chini ya kiti. Alikuwa amelala chali sakafuni, kichwa kimeingia uvunguni, mkono wa kushoto umeikandamiza springi, wa kulia umeshika koleo, na midomoni amebana pini za kutosha kiti kizima. Springi ya aina ile ukiiachia kabla haijafungwa inakuja moja kwa moja usoni. Mluzi ukapigwa. Vipande vya sponji vilikuwa kwenye mfuko wa aproni, na aproni ilikuwa safu ya tatu, imetundikwa.

"Ngoja!" alitaka kusema. Kwa zile pini kikatoka, "Mmmmh! Mmmmh!"

Kule juu mzee alisikia, akatabasamu. Alijua Mama Sponji ameshaanza nyimbo zake. Na kwa kuwa siku hiyo alitaka kupima spika kwa ngurumo kubwa kabisa, aliirusha filamu mpaka kwenye mvua ya mwisho.

Mama Sponji alifumba macho, kana kwamba macho yanasaidia. Alisikia mvua. Alisikia kuta za chumvi zikimomonyoka, watu wakikimbia, na Malkia akihema peke yake. Kisha kitu kikubwa kikaanguka, kikafuatia kimya, na ndani ya kimya hicho Malkia akasema kwa sauti ya mtoto:

"Mama? Si tulikuzika ndani ya ukuta huu?"

"Chumvi haiozeshi kitu, mwanangu. Nilikuwa nasubiri mvua tu." Sauti ilikuwa ya yuleyule aliyefariki sehemu ya pili. "Mbona umekonda hivi? Huli?"

Hakukuwa na tarumbeta wala uchawi. Mama amefufuka kutoka ukutani, na neno lake la kwanza ni kuuliza kama mtoto anakula. Mama yao naye alimpokea Mama Sponji mlangoni kwa swali hilohilo kila alipomtembelea, na Mama Sponji hajakonda tangu azaliwe. Akalia. Akalia chali, mikono yote miwili imeshika springi, na kwa kuwa alikuwa amelala hivyo, machozi yalimtiririkia masikioni, mahali palipotakiwa sponji.

Mzee alishuka mbio alipoona miguu inatikisika.

"Mama! Springi imekuumiza?"

Aliifunga springi kwanza, maana kazi ni kazi, kisha akatema pini kiganjani.

"Mzee, nimesikia mwisho."

"Lakini nilikusikia unaimba!"

"Nilikuwa nakuita!"

Wakatazamana. Mzee ndiye aliyeanza kucheka, kwa woga kidogo, halafu Mama Sponji akamfuata, akacheka na kulia kwa pamoja mpaka wafagiaji wakaja. Alingoja hasira zije. Hazikuja. Kitu kilichokuja badala yake kilikuwa wasiwasi, na wasiwasi huo ulikuwa wa mdogo wake. Atakuja kuiona filamu hii, haina shaka. Atakaa mahali peke yake, hajajiandaa, halafu sauti ile itatoka ukutani na kuuliza huli? Atazimia! Lazima aambiwe mapema. Mama Sponji akafuta mkono, akachukua simu, akalitafuta jina, kidole kikawa kinashuka.

Hapo ndipo akasimama.

Alikuwa anataka kufanya kilekile. Neno kwa neno. Siku ile mdogo wake alikuwa ametoka ukumbini amevimba macho, akamfikiria dada yake ambaye kesho ataketi mbele ya picha ileile, mama anakufa mikononi mwa bintiye, na wao wenyewe wametoka kuzika. Akaona heri filamu iharibike kuliko dada yake aangukie ubao mtupu. Alikuwa amemtandikia sponji. Na yeye, anayejiita fundi wa sponji, hakuitambua.

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti. "Mjinga wa kutupwa."

Hakumaliza kiti. Alikwenda kituo cha mabasi na vumbi la sponji kichwani. Chumba cha mtangazaji ni kijumba cha kioo juu ya ngazi, na sauti ya mdogo wake ilikuwa imejaa kituo kizima, safi na ya adabu: "Abiria mnaosubiri basi la saa nane, basi lenu linaingia. Tafadhali sogeeni mlango wa..." Mama Sponji aligonga kioo. Mdogo wake akageuka. "...dada?"

Abiria wakatazama huku na huku wakitafuta mlango wa dada.

Mama Sponji aliingia bila kukaribishwa.

"Nimekuja kuomba msamaha. Siku ile ya mama wa Malkia hukutaka kuniharibia. Uliogopa nitashtuka, kwa sababu ya mama. Nami nikakutukana."

Mdogo wake akainuka kitini.

"Miaka miwili, dada! Nilitaka kukueleza ukakata simu."

"Nilikata."

"Kwenye arusi ukanipita kama unapita nguzo."

"Nilikupita."

"Na ile nguo uliyovaa haikukupendeza."

"Hapo sasa umezidi."

Mdogo wake akaangua kilio, na katikati ya kilio kikachomoza kicheko, na wakakumbatiana kwa nguvu mpaka kiti chake cha ofisini chenye magurudumu kikabiringika kikagonga ukuta. Ilikuwa sauti ya mwanamume kutoka chini iliyowatenganisha.

"Msamehe dada yako, mama! Lakini basi letu mlango wa ngapi?"

Wakageuka pamoja kutazama mezani. Taa nyekundu ya kipaza sauti ilikuwa inawaka, na ilikuwa imewaka muda wote huo.

"Mlango wa tatu," mdogo wake alitangaza, akivuta kamasi. "Tunaomba radhi kwa usumbufu." Kituo kizima kikapiga makofi.

Alipozima kipaza sauti, Mama Sponji alimwambia habari ya kiti cha pili. Mdogo wake alimtazama usoni kwa makini, maana wawili hawa hawajawahi kufichana kitu kikakaa.

"Wewe umeshajua mwisho."

"Nimeusikia kwa bahati mbaya. Nilikuwa chini ya kiti."

"Usiniambie! Safari hii nataka kuingia kama wewe. Sijui mbele wala nyuma."

Mama Sponji akaapa kwamba hatasema neno. Alidhani kiapo hicho ni chepesi. Loo! Alikuja kuona cha mtema kuni. Simu zikawa haziishi. Joka je? Sisemi. Waziri je? Sijui, sikumsikia. Basi niambie tu kama nilete leso moja au mbili. Lete unavyotaka, leso ni zako! Miaka yote aliogopa midomo ya wenzake, hajawahi kuogopa wake, na sasa siri ilimtambaa mdomoni asubuhi hadi jioni. Mumewe aliwasikia wakipigizana kelele kwenye simu, akaenda kusahihishia madaftari barazani, akipiga mluzi kwa furaha.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Watu wengine wakiingia ukumbini hutazama skrini, lakini yeye alisimama kwanza kutazama makalio yanavyotua. Alimwona mwanamume mmoja mnene akijishusha kwa tahadhari, kwa mazoea ya springi za zamani, kisha akazama taratibu na uso ukamfunguka. Mama Sponji alimpigia mdogo wake kiwiko: "Umemwona yule? Ile ni kazi yangu." Wakaketi katikati kabisa, bega kwa bega, na taa zikazimwa.

Na filamu ilikuwa nzuri! Ilikuwa nzuri kuliko alivyothubutu kuomba. Yule waziri mwenye uso wa upole alitisha kwa sababu ya upole wenyewe. Kila alipotabasamu, ukumbi mzima ulijikunyata. Joka nalo, likishalowa, halikumeremeta hata kidogo. Lilikuwa na rangi ya matope na macho ya mnyama aliyechoka, na liliporuka lilijikongoja kwanza kwa uzito, kiasi kwamba hata mwalimu wa hesabu angelipa maksi. Mama Sponji alihisi hofu zake za mwaka mzima zikimtoka moja moja. Alikuwa mahali alipotaka kuwa, akiitazama filamu aliyoitaka, na mkono wake ulikuwa umefinywa mpaka vidole vimekufa ganzi.

Ndipo ikaja mvua ya mwisho. Kuta zikaanza kumomonyoka, na Malkia akaachwa peke yake mbele ya ukuta alimozikwa mama yake. Spika za mzee zilinguruma mpaka kifuani. Mdogo wake akavuta mtandio, akajifunika uso wote.

"Dada."

"Mmh."

"Siwezi. Malkia atakufa, najua atakufa, kama mama yake. Niambie tu."

"Ulisema nisikwambie."

"Nilisema kituoni, mchana, na watu wamejaa. Sasa nakuomba, niambie."

Hakuwa anatania. Ule mkono uliomshika ulikuwa wa baridi vilevile kama siku walipokuwa wamesimama kando ya kaburi, kila mmoja akijitahidi mwenzake asimwone analia. Mama Sponji alikuwa ameapa kwamba mwisho wa filamu hataambiwa wala hatamwambia mtu hata akiwekewa panga shingoni. Kiapo hicho alikipenda na alikiheshimu. Ukuta kwenye skrini ukapasuka toka juu hadi chini. Akainama, akaweka mdomo kwenye sikio la mdogo wake, juu ya kitambaa.

"Toa mtandio usoni, mdogo wangu. Mama anarudi."

Mdogo wake akaushusha mpaka mabegani, akatazama.